Korongo la Vikos: Kushuka Kwanza, Kupanda Baadaye

Ndugu zangu, wazee wetu mliotutangulia milimani, na vijana mnaojiandaa kwa safari ya kwanza, habari za jioni.

Wengi wenu mmeshapanda Kilimanjaro au Mlima Kenya, na kuna mazoea ya huko ambayo nawaomba muyaache nyumbani. Kule mtu akichoka, kichwa kikimgonga au hali ya hewa ikiharibika, anageuka na kushuka. Chini ndiko kwenye usalama. Katika korongo la Vikos, kule Ugiriki, mambo ni kinyume. Unaanzia juu, kijijini, umeshakunywa kahawa na miguu ina nguvu. Unashuka. Unatembea chini ya korongo karibu siku nzima. Kisha, magoti yakiwa yamechoka na chupa ya maji imebaki mafunda mawili, ndipo njia inapokudai upande. Shida nyingi za korongo lile zinaanzia hapo: mtu anazihesabu nguvu zake akiwa anashuka, wakati deni liko kwenye kupanda.

Tunazungumzia Zagori, kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, katika milima ya Pindos, juu ya mji wa Ioannina. Ni eneo la vijiji 46 vya mawe. Kuta ni mawe, paa ni mawe bapa yaliyopangwa kama magamba ya samaki, na katikati ya kijiji kuna uwanja wenye mti mkubwa wa platano ambapo watu hukaa. Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza Zagori katika orodha ya Urithi wa Dunia, na ilifanya hivyo kwa ajili ya vijiji vyenyewe na namna watu walivyoishi na milima yao. Korongo lina sifa yake pia: kitabu cha rekodi cha Guinness kiliwahi kulitaja kuwa lenye kina kikubwa zaidi duniani kwa kulinganisha na upana wake, mahali ambapo kina ni mita 900 na ukingo mmoja uko mita 1,100 tu kutoka ukingo wa pili. Lakini bila watu wa vijiji tusingekuwa na njia ya kutembea. Enzi za Waturuki wa Osmani wanaume wa Zagori walisafiri kufanya biashara hadi Konstantinopoli, Romania na Urusi, wakarudisha fedha nyumbani, na fedha hizo zikajenga shule, makanisa, madaraja na njia za mawe. Ndugu wawili wa ukoo wa Rizaris, wenyeji wa Monodendri tutakapoanzia, ndio walioanzisha shule ya Rizarios kule Athens.

Njia hizo za mawe zinaitwa kalderimi. Mkifika, msizipite tu, inameni mwangalie. Mawe mengi hayakulazwa kama vigae. Yamesimamishwa kwa ubavu, yakabanana moja na jingine, bila saruji. Pembeni kuna mawe makubwa yanayoshikilia yale madogo yasitawanyike. Kila baada ya hatua kadhaa utaona mstari wa mawe yaliyoinuka kidogo, umekata njia kutoka ukingo huu hadi ule. Mstari huo unafanya kazi mbili. Kwanza, unampa nyumbu wa mizigo, yule mtoto wa punda na farasi, mahali pa kukita kwato. Pili, unayakata maji ya mvua na kuyaelekeza pembeni kabla hayajapata mwendo wa kuichimba njia. Fundi aliyepanga hivyo aliyajua maji vizuri. Ndiyo maana njia za karne ya 18 bado zinapitika, na pale mawe mawili matatu yanapong'oka na kuachwa bila kurudishwa, mvua moja kubwa inatosha kufungua shimo.

Sasa, mtu anatembeaje juu yake? Mawe yamelainishwa na kwato na viatu kwa vizazi vingi, na yakilowa yanateleza kama sabuni. Kanyaga kwenye ule mstari ulioinuka, au kwenye nafasi kati ya jiwe na jiwe. Mgongo wa jiwe lililong'aa uepuke. Weka wayo wote chini, usitangulize kisigino. Jambo jingine ni kwamba ngazi hizi zilipimwa kwa hatua ya mnyama, si ya binadamu: kila kidato ni kirefu kwenda mbele na kifupi kwenda juu. Ukitembea bila kufikiri utajikuta unashukia mguu uleule kila mara, na goti hilo moja litabeba kazi ya magoti mawili. Ongeza hatua moja fupi katikati ili miguu ipokezane. Kwa mtu mwenye umri wa miaka 50 na kuendelea, jambo hili dogo lina faida kuliko dawa yoyote ya kuchua.

Tuje kwenye siku yenyewe. Kutoka Monodendri hadi kijiji cha Vikos ni kama kilomita 12. Msidanganywe na namba hiyo. Anayetembea kilomita tano kwa saa mjini atatumia saa tano hadi sita hapa, bila kuhesabu mapumziko marefu. Akiamua kumalizia kijiji cha Papingo, upande wa pili wa mto, badala ya Vikos, siku nzima inachukua saa saba au nane. Ondokeni Monodendri saa moja na nusu asubuhi, isizidi saa mbili. Na hapa niseme kuhusu saa: wakati wa kiangazi saa za Ugiriki zinalingana na za Dar es Salaam na Nairobi, lakini wenyeji wanahesabu kizungu. Basi la 7:00 ni basi la saa moja asubuhi. Mkipatana na dereva wa teksi, mwandikieni saa hiyo kwa tarakimu kwenye karatasi. Mwishoni mwa Juni jua huzama karibu na saa tatu usiku, kwa hiyo mnao muda. Katikati ya Oktoba huzama kabla ya saa moja usiku, na ndani ya korongo kuta huleta kivuli mapema zaidi ya hapo.

Njia inaanzia uwanja wa chini wa kijiji, penye mti wa platano, na ina alama ya O3. Kwanza ni mawe yaliyopangwa, baadaye udongo na kokoto, ikipinda huku na huku msituni, na inashuka zaidi ya mita 300 kwenda chini. Tengeni saa nzima, ingawa wepesi watafika mapema. Kabla ya kuanza, fungeni kamba za viatu kwa nguvu penye kifundo cha mguu, mkiziacha legevu kidogo juu ya vidole. Mguu unaoteleza mbele ndani ya kiatu hugonga kucha kwa saa nzima, na kucha iliyogongwa hivyo huwa nyeusi jioni na hung'oka baada ya wiki chache. Kata kucha siku mbili kabla. Kama una fimbo za kutembelea, zirefushe kidogo wakati wa kushuka, kisha uzifupishe utakapoanza kupanda.

Chini mtakuta mto usio na maji. Kiangazi kitanda cha mto ni mawe matupu, meupe, mengine makubwa kama daladala, na hapa ndipo kosa la kawaida hutokea. Kitanda cha mto kinaonekana kama barabara. Kimenyooka, kina mwanga, na kinaelekea kulekule mnakokwenda. Mtu anaifuata hiyo barabara ya uongo, anaruka kutoka jiwe hadi jiwe, na baada ya nusu saa amefika penye majabali asiyoweza kuyashuka, huku kifundo cha mguu kimeshapata misukosuko mitatu. Njia halisi iko kando, ndani ya miti. Mara nyingine inagusa kitanda cha mto na kurudi tena msituni. Tafuteni alama ya O3 na madoa ya rangi nyekundu kwenye mawe na mashina. Mkitembea dakika kumi bila kuona alama, msikisie. Rudini kwenye alama ya mwisho mliyoiona na muanze upya kutoka hapo. Mtandao wa simu ndani ya korongo hukatika sehemu nyingi, kwa hiyo ramani iwe imeshapakuliwa kwenye simu, na ya karatasi iwe mfukoni. Ramani za Anavasi, zinazochapishwa Ugiriki kwenyewe, ndizo ninazozipendekeza.

Sehemu ya katikati ni ndefu na ni nzuri mno. Ni kupanda kidogo na kushuka kidogo chini ya kivuli, kuta za mawe zikionekana juu ya miti, na kimya kinachowafanya watu wapunguze sauti wenyewe. Sina haja ya kuieleza zaidi, mtaiona. Ninachotaka mkumbuke ni mahali panapoitwa Megas Lakkos, ambapo korongo jingine kubwa linaingia kutoka upande wa kulia, likitokea milima ya Tymfi. Karibu na hapo kuna chemchemi ya Klima. Jazeni chupa maji yakiwepo, lakini msipange safari mkiitegemea, hasa Agosti na Septemba. Hapo ndipo pa kuangalia saa. Mkiwa mmeondoka saa moja na nusu na sasa imeshapita saa tano na nusu, Papingo iacheni. Malizieni Vikos, na hiyo ni siku kamili isiyohitaji kuombewa radhi. Kundi lenye watu 10 hutembea kwa mwendo wa yule wa mwisho, na kiongozi anayejua kazi yake humweka huyo mbele, si nyuma.

Kuelekea mwisho mtasikia maji kabla ya kuyaona. Mto uliokuwa mkavu kwa kilomita nyingi unafumuka kutoka chini ya mawe, na palepale unakuwa mto kamili, wenye rangi ya kijani kibichi ya chupa. Hizi ni chemchemi za Voidomatis. Sababu yake ni jiwe la chokaa: maji ya mvua na theluji ya Tymfi hupenya kwenye nyufa, husafiri chini kwa chini, na hutokea pale yanapopata mlango. Kwa kuwa yametoka moja kwa moja ndani ya mlima, ni ya baridi kali hata Agosti. Chovya miguu, utaona dakika moja ni nyingi. Usijitose mzimamzima ukiwa na jasho na uchovu, kwa kuwa mwili hushtuka, pumzi hukatika, na mawe ya chini yanateleza.

Karibu na chemchemi njia inagawanyika, na hapa ndipo deni nililolitaja mwanzo linapolipwa. Kushoto ni kijiji cha Vikos: mwinuko wa kama mita 300, njia ya mawe yenye mapindo, dakika 45 hadi saa moja. Kulia ni Papingo: unavuka upande wa pili wa mto, kisha unapanda kama mita 500 kwa saa mbili au mbili na nusu, sehemu nyingine bila kivuli, jua la alasiri likikupiga. Majira ya kuyeyuka kwa theluji, au baada ya mvua kubwa, hapo pa kuvukia panaweza kuwa na maji mengi. Ikiwa maji yanafika magotini na yanakimbia, msishikane mikono mkajaribu. Pandeni Vikos.

Kupanda kuna namna yake. Kaeni chini dakika 20 kabla ya kuanza, mle kitu chenye chumvi na chenye wanga, kama mkate na jibini au karanga, na mnywe maji ya kutosha. Anayeanza kupanda akiwa na njaa huishiwa katikati, na chakula kikiingia wakati huo kinachelewa kumsaidia. Kisha pandeni taratibu kiasi kwamba mtu anaweza kuzungumza sentensi nzima bila kutweta. Kusimama kila hatua 20 na kukimbilia 20 nyingine kunachosha kuliko mwendo mmoja wa pole usiosimama.

Hakuna wapagazi huko, wala hamlazimiki kuchukua kiongozi, kwa hiyo kila mtu anabeba chake. Begi la siku moja lisizidi kilo sita pamoja na maji. Maji yawe lita mbili majira yasiyo na joto kali, na lita tatu Julai na Agosti. Ongezeni koti jepesi la mvua, fulana ya kubadilisha, tochi ya kichwani hata kama mnaamini mtafika mchana, filimbi, betri ya akiba ya simu, na plasta za malengelenge. Lengelenge litibiwe likiwa bado ni wekundu na joto tu. Vueni kiatu palepale, mkaushe, mbandike plasta. Aibu ya kuwasimamisha wenzako dakika tano imewaharibia watu wengi safari ya siku tatu zilizobaki. Viatu viwe vimeshavaliwa angalau wiki kadhaa, na soli isiwe ngumu, iweze kushika jiwe. Buti gumu la kazi huteleza juu ya kalderimi.

Kuhusu majira, nitasema wazi kwamba nusu ya pili ya Mei hadi Juni, na Septemba hadi katikati ya Oktoba, ndiyo miezi yake. Aprili maji bado ni mengi. Julai na Agosti kuna joto, na huko juu radi za alasiri huja ghafla. Ukuta wa korongo ukinyeshewa huangusha mawe, kwa hiyo mvua ikishaanza msipumzike chini ya genge, hata kama panaonekana pakavu. Kama utabiri wa asubuhi unataja mvua kubwa, siku hiyo kaeni kijijini. Namba ya dharura ni 112, na kabla ya kushuka mwachieni mwenye nyumba ya wageni jina la kijiji mnakoishia na saa mnayotarajia kufika.

Wanyama mtakaoshughulika nao zaidi ni mbwa wa wachungaji, hasa mkitembea juu kwenye malisho. Hawa si koko wa mtaani. Wamelelewa kulinda kondoo dhidi ya mbwamwitu na dubu, na dubu wapo kweli Pindos. Mkiona kundi la kondoo, zungukeni mbali. Mbwa wakija, simameni, msikimbie wala msiwakazie macho, zungumzeni kwa sauti ya kawaida, na mrudi nyuma polepole kuwaachia kondoo nafasi. Kuna pia nyoka wa jamii ya kifutu mwenye kijipembe puani, anayependa mawe yenye jua. Msitie mkono kwenye upenyo msiouona ndani. Mimea ya korongo iacheni ilipo, ni hifadhi ya taifa tangu 1973. Chai yao ya mlimani mtaipata imekaushwa vijijini, na inafaa sana jioni.

Mambo ya fedha na karatasi nitayapita haraka. Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya au Uganda wanahitaji visa ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasichelewe chini ya siku 15, na bima iwe ya angalau euro 30,000. Isomeni bima hiyo mjue kama inagharimia uokoaji milimani, kwani nyingi za bei rahisi hazifanyi hivyo. Chukueni fedha taslimu Ioannina. Mabasi ya vijijini ni machache, na kwa gari kutoka Vikos kurudi Monodendri barabara inazunguka milima karibu saa nzima, hivyo teksi ipangwe jana yake. Msiseme mtaitafuta mkifika.

Mnaofika Papingo na mna siku ya pili, kutoka Papingo Ndogo, kijiji cha jirani, kuna njia ya kupanda hadi nyumba ya wapanda milima ya Astraka, mita 1,950 juu ya usawa wa bahari. Ni saa tatu za kupanda karibu mita 1,000, na chemchemi ziko njiani. Saa moja mbele yake ni Drakolimni, Ziwa la Joka, mita 2,050. Ndani yake wanaishi wanyama wadogo jamii ya salamanda wenye tumbo la rangi ya chungwa, na watoto wakionyeshwa wanakubali mara moja kwamba majoka wapo. Theluji hukaa huko hadi Juni, kwa hiyo ulizeni kwanza.

Na wale ambao magoti hayaruhusu korongo, sikubali mbaki hotelini. Nendeni Kapesovo, mpande Skala ya Vradeto, ngazi ya mawe iliyopindapinda juu ya genge. Hadi mwaka 1973 hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee ya kufika Vradeto, kijiji cha juu kuliko vyote vya Zagori, mita 1,340. Maharusi, majeneza na magunia ya unga yote yalipita hapo. Ni kama saa moja ya kupanda kwa utulivu, na sasa gari linafika juu kwa barabara, kwa hiyo hamlazimiki kuishuka kwa miguu. Kutoka kijijini, kama dakika 40 kwa njia ya karibu tambarare, mtafika ukingoni Beloi, penye ukuta mfupi wa mawe. Shikeni huo ukuta mchungulie. Korongo zima litakuwa chini yenu, na ule mstari mweupe katikati ni kitanda cha mto ambacho wenzenu, saa hiyohiyo, wanatafuta alama pembeni yake.

Asanteni kwa kunisikiliza. Wenye maswali ya visa waanze, maana hayo ndiyo yenye tarehe.